Mahali Ambapo Kiraka Hakifiki

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuunganisha mifumo: huu unatoa data, ule unaipokea, na katikati kuna intaneti. Katika kazi hiyo kuna chombo ambacho sijaona mradi ukikikwepa, nacho ni curl, programu ya kutuma na kupokea data kupitia anwani za intaneti. Daniel Stenberg, raia wa Sweden, alikitoa kwa jina hilo Machi 1998, na mwaka 2000 sehemu yake ya ndani ikawa maktaba ya kujitegemea, libcurl, ambayo programu nyingine yoyote inaweza kuichukua na kuitumia. Leo imo ndani ya simu, runinga, magari, seva na lugha za programu kama PHP. Stenberg mwenyewe anakadiria kwamba imesakinishwa zaidi ya mara bilioni 20. Wengi wanaoitegemea kila siku hawajawahi kusikia jina lake, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Mapema Oktoba 2023 alitangaza kwamba toleo 8.4.0 litatoka tarehe 11 mwezi huo, kabla ya wakati wake, kwa sababu ya tundu la usalama ambalo huenda likawa baya kuliko yote yaliyoonekana ndani ya curl kwa muda mrefu. Hakusema liko sehemu gani, wala matoleo yapi yameathirika. Alifanya vizuri. Kutaja hata namba za matoleo kungewaonyesha wadukuzi pa kuchimba.

Siku zile za kusubiri zilinifundisha kuliko kiraka chenyewe, yaani rekebisho la kuziba tundu. Hatukuwa na la kurekebisha, kwa hiyo tulibaki na swali moja tu mezani: kwetu sisi, curl iko wapi? Seva zenyewe zilijibu haraka, maana mfumo wa vifurushi unajua ulichosakinisha. Baada ya hapo giza likaanza. Kila kontena, yaani kifungashio kinachobeba programu na vyote inavyovihitaji, lilikuwa na nakala yake, na baadhi yalijengwa zamani na watu walioshaondoka. Programu za Python zilikuja na vifurushi vilivyobeba libcurl yao wenyewe tumboni, tofauti na ile ya mfumo. PHP ilibidi iulizwe kwa funksheni ya curl_version(), kwa kuwa toleo unaloliona ukiandika amri kwenye terminali si lazima liwe lile inalotumia tovuti yako.

Kundi gumu kuliko yote lilikuwa programu za kununua, zile ambazo libcurl imeunganishwa ndani kabisa ya faili moja kubwa. Ukitafuta faili la maktaba hulioni, kwa sababu halipo peke yake. Tulichofanya ni kuchambua maandishi yaliyomo ndani ya faili hizo tukitafuta neno "libcurl/" likifuatwa na namba. Mtengenezaji mmoja alikuwa ametujibu kwa barua kwamba bidhaa yake haitumii kabisa curl. Faili lake lilisema vingine, na toleo lilikuwa la miaka kadhaa nyuma. Sidhani alitudanganya. Naamini hakujua, na hilo linanitia hofu zaidi.

Toleo lilipotoka, mambo yakawa wazi. Tundu lile, lililosajiliwa kwa namba CVE-2023-38545 katika orodha ya umma ya matundu ya usalama, lilikuwa katika namna libcurl inavyozungumza na proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano) ya aina ya SOCKS5. Katika mtindo huo programu inaweza kuiachia proksi kazi ya kutafuta anwani ya seva kutokana na jina lake, ila urefu wa jina huandikwa katika baiti moja tu, kwa hiyo hauwezi kuzidi 255. Msimbo ulilijua hilo: jina likizidi kiasi, libcurl ilitakiwa itafute anwani yenyewe. Mwaka 2020, katika toleo 7.69.0, sehemu hiyo iliandikwa upya ili isizuie kazi nyingine wakati wa kusubiri. Badala ya kukaa palepale hadi proksi ijibu, funksheni ingetoka na kuitwa tena baadaye iendelee ilipoishia. Lakini kigezo kilichobeba uamuzi wa "tafuta mwenyewe" kilikuwa cha ndani ya funksheni, na kila ilipoitwa upya kilirudi kwenye thamani ya mwanzo. Proksi ikichelewa kidogo, uamuzi unapotea, na jina refu linanakiliwa kwenye bafa, yaani nafasi ya muda kwenye kumbukumbu, isiyolitosha hadi kufurikia kumbukumbu ya jirani. Jina hilo refu linaweza kuletwa na seva ya mbali inayojibu tu kwamba unachokitafuta kimehamia anwani nyingine.

Niliusoma msimbo huo taratibu, mstari kwa mstari. Hitilafu ilizaliwa na uboreshaji halali, kazi nzuri iliyofanywa kwa nia njema, ikakaa zaidi ya miaka mitatu na nusu mbele ya macho ya watu wengi na majaribio mengi ya mashine. Stenberg aliandika wazi kwamba mabadiliko yale aliyafanya yeye, akaeleza hatua kwa hatua yalivyokwenda mrama. Namheshimu sana kwa hilo. Maelezo ya aina ile yanamfundisha msomaji kitu ambacho tangazo fupi la "tumeboresha usalama" haliwezi kumfundisha.

Baadhi ya wenzetu walisema tuliogopeshwa bure, kwa kuwa tundu lilihitaji proksi ya SOCKS5 na masharti kadhaa yakutane. Sikubaliani nao. Tazama jambo moja: amri ya curl unayoiandika kwenye terminali hujitengea bafa ya takriban kilobaiti 100, kubwa kiasi kwamba jina lile halifurikii, wakati maktaba ya libcurl kwa kawaida hutumia kilobaiti 16. Aliyekagua amri peke yake akaridhika, alikagua upande uliokuwa salama na kuuacha ule wenye hatari. Bila ile wiki ya kutafuta nakala zilizojificha, tungekuwa miongoni mwa hao.

Kisha kuna jambo ambalo huwa nalirudia kwa kila kijana anayejiunga na timu. Kusasisha faili kwenye diski hakuigusi programu iliyokwisha kupakia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu. Katika Linux faili jipya linakaa mahali pake, mfumo wa vifurushi unasema kila kitu ni shwari, na huduma iliyowashwa miezi iliyopita inaendelea kutumia ile nakala iliyofutwa hadi siku itakapowashwa upya. Amri ya lsof huonyesha nakala hizo zikiwa na alama ya kufutwa. Tulipoiendesha baada ya kusasisha, tulizikuta kwenye huduma muhimu kuliko zote, zile ambazo hakuna anayethubutu kuzizima. Ina mantiki ya kusikitisha: kitu kikiwa muhimu sana, hakizimwi, kisipozimwa, kinabaki na tundu.

Na skana je, zile programu zinazotafuta matundu kwenye mifumo? Zinasaidia, lakini zinasoma namba. Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilikuja na curl 7.88.1, na watunzaji wake hawapandishi toleo zima kila tundu linapopatikana. Huchukua rekebisho peke yake na kulirudisha kwenye toleo lao, na namba ya mbele inabaki vilevile. Skana yetu ikaona 7.88.1 na kupiga kelele mahali palipokwisha kuzibwa. Wakati huohuo ilinyamaza kimya juu ya zile nakala zilizofichwa ndani ya programu za kununua, kwa sababu namba zao hazikuwa mahali inaposoma.

Kelele za namna hiyo zina madhara yake. Windows imekuwa ikija na curl.exe tangu mwaka 2018. Skana zilipoanza kulishutumu faili hilo kwa sababu ya tundu lililotangazwa mwishoni mwa 2022, watu walianza kulifuta kwa mikono kutoka System32, folda ya mfumo wa Windows, au kulibadilisha na lao, jambo linaloweza kukwamisha masasisho ya mfumo wenyewe. Aprili 2023 Stenberg alilazimika kuandika kuwasihi waache. Miezi michache baadaye, Agosti, hitilafu ya kawaida iliyorekebishwa tangu 2019, namba kufurika katika chaguo la muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena, iliibuka kwenye kanzidata ya Marekani ya matundu ya usalama kama tundu lenye alama 9.8 kati ya 10. Alama hiyo ilishushwa baadaye. Nilikuwa miongoni mwa watu walioulizwa na wakubwa wao kwa nini mfumo una tundu la 9.8, na jibu lilihitaji kuketi na kusoma hitilafu inafanya nini hasa. Mradi wa curl ulipopata mamlaka ya kutoa namba zake wenyewe za CVE, Januari 2024, nilifurahi kwa dhati.

Lakini yote hayo yanahusu makosa ya wengine, na makosa ya wengine angalau yana tarehe ya kiraka. Matundu ninayoyakuta mara nyingi zaidi ninapokagua msimbo hayana namba yoyote, kwa sababu yameandikwa na watumiaji wa curl, si na walioitengeneza.

Kubwa lao ni kuzima ukaguzi wa cheti, hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba seva ndiyo inayodai kuwa. Libcurl imekuwa ikikagua cheti cha seva bila kuambiwa tangu mwaka 2002. Mtu akitaka iache, lazima aandike mwenyewe: kwenye terminali ni -k, kwenye PHP ni CURLOPT_SSL_VERIFYPEER ikiwekwa false. Mstari huo nimeukuta katika miradi isiyojuana, ya watu werevu, na historia yake huwa ni moja. Seva ya majaribio ilikuwa na cheti kisichotambulika, kosa likatokea, mtu akatafuta suluhisho, akanakili mstari, kosa likatoweka. Majaribio yakaisha, mstari ukabaki. Kuanzia hapo data inasafiri ikiwa imesimbwa kwa ustadi wote, ila hakuna anayejua inasimbwa kwa ajili ya nani. Yeyote anayeweza kukaa katikati ya njia anajitokeza na cheti chake cha kujitungia, na programu inampokea.

Kuna sura ya pili ya kosa hilo, na hii humpata hata aliyekusudia mema. Chaguo la CURLOPT_SSL_VERIFYHOST, linalolinganisha jina lililo kwenye cheti na jina la seva, lilihitaji thamani 2. Thamani 1 iliangalia tu kama cheti kina jina, lolote lile. Watengeneza programu wengi wa PHP waliandika true wakidhani wanawasha ulinzi, na true kwa PHP ni 1. Wakawa wameushusha kwa mikono yao. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin na wa Stanford walionyesha jinsi makosa ya aina hii yalivyoenea katika programu zisizo vivinjari, na mwaka huohuo, toleo 7.28.1 la curl likaanza kuikataa thamani 1. Uamuzi huo naupenda mpaka leo. Chaguo linalomtega mtu mwenye nia njema ni tundu, hata kama nyaraka zake zinaeleza kila kitu.

Kuhusu cheti, kukataa njia ya mkato kuna gharama zake. Taasisi moja tuliyokuwa tukibadilishana nayo data ilitumia vyeti vilivyosainiwa na mamlaka yake ya ndani. Fundi wao alituambia kwa upole, "Ndugu zangu, zimeni tu ukaguzi, kila mtu anafanya hivyo." Tuliomba faili la mamlaka yao ili tulipe libcurl kupitia CURLOPT_CAINFO, na lilichelewa kwa sababu hakuna aliyejua nani analitunza. Mradi ulisimama, watu wakanung'unika. Faili lilipofika, kazi ilikuwa ya mstari mmoja. Njia sahihi na njia ya hatari zilikuwa na urefu uleule wa msimbo. Zilitofautiana katika idadi ya watu wa kuzungumza nao.

La pili ni kufuata maelekezo ya seva. Umemtuma mtu nyumbani kwa rafiki akiwa na ufunguo, mlangoni anaambiwa mwenyeji amehamia nyumba ya pili, naye anakwenda huko na kumpa ufunguo yeyote anayefungua. Ndivyo programu inavyofanya ikipeleka tokeni, yaani siri ya kuitambulisha, kwa seva A, seva A ikajibu nenda B, na ombi likaenda B na tokeni ileile. Curl haifuati maelekezo hadi uiambie, kwa -L au kwa chaguo lake la maktaba, lakini -L imezoeleka mno hadi watu huiandika bila kuifikiria. Hadi Januari 2018, toleo 7.58.0 lilipotoka, kichwa cha Authorization, sehemu ya ombi inayobeba siri hiyo, ulichokiandika mwenyewe kilipelekwa hata kwa seva ya pili. Desemba 2024 likapatikana jingine la ukoo huo, CVE-2024-11053: ukitumia faili la .netrc, linalohifadhi majina ya seva na nywila zake, lenye jina la seva ya pili bila nywila yake, nywila ya seva ya kwanza ingeweza kuvujia huko. Tundu hilo lilikuwamo ndani ya curl kwa karibu miaka 25.

Miaka 25! Umri huo ulinifanya niache kutafuta toleo litakalokuwa salama moja kwa moja. Siku hizi, katika maombi yote yanayobeba siri, hatufuati maelekezo kabisa. Seva ikisema imehama, programu inasimama na kutoa taarifa, na binadamu anaamua. Na pale ambapo anwani inatolewa na mtumiaji, mathalani mfumo unaochukua picha kutoka kiungo alichobandika, tunaiwekea libcurl mipaka ya itifaki: HTTPS peke yake. Libcurl inajua itifaki zaidi ya 20, zikiwemo file, gopher na dict, na mtu mwenye hila anaweza kuigeuza seva yako kuwa mjumbe wake ndani ya mtandao wako. Itifaki pekee haitoshi, maana anwani za ndani nazo zinaweza kufikiwa kwa HTTPS, kwa hiyo tunakagua pia namba ya IP ambayo muunganisho unaiendea hasa, baada ya jina kutafsiriwa.

Kuna matundu ambayo hata baada ya kuziba kila nakala, kuwasha upya kila huduma na kusafisha msimbo wako, bado hujamaliza. Heartbleed ya Aprili 2014 ndiyo iliyonifungua macho. OpenSSL, maktaba ambayo curl na seva nyingi huitumia kusimba mawasiliano, ilimwamini mteja alipotaja urefu wa ujumbe wake bila kuulinganisha na ujumbe wenyewe. Mteja alituma herufi chache, akasema ametuma kilobaiti 64, na seva ikamrudishia herufi zake pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu: nywila, data za watumiaji wengine, hata ufunguo wa siri wa seva. Kiraka, toleo 1.0.1g, kilitoka tarehe 7 Aprili. Lakini matoleo yenye tundu yalikuwa hadharani tangu Machi 2012, na mashambulizi yenyewe hayakuacha alama kwenye logi za kawaida. Kwa hiyo kila siri iliyopita hapo ilibidi ihesabiwe kuwa imevuja: funguo mpya, vyeti vipya, vya zamani vifutwe, nywila zibadilishwe. Kuna waliopata vyeti vipya kwa ufunguo uleule wa zamani, wakadhani wamepona.

Na kuna data zilizobaki njiani. Mei 2023 genge la wadukuzi la Cl0p liliingia katika MOVEit Transfer, programu ya kuhamishia mafaili ya kampuni ya Progress Software, kwa kupenyeza amri za SQL, lugha ya kuendeshea kanzidata, kupitia kurasa zake za wavuti. Kiraka kilitoka tarehe 31 mwezi huohuo, lakini wizi ulikuwa umeanza siku chache kabla, na taasisi zilizoathirika zilizidi 2,000 duniani. Tulipokuwa tukisoma habari hizo tulikwenda kuangalia seva yetu ya kupitishia mafaili, ambayo ni ya aina nyingine kabisa. Ilikuwa imejaa. Orodha za wateja zilizokwisha kupokelewa na kuchakatwa zamani zilikuwa zimetulia pale, kwenye mashine inayotazama intaneti mchana na usiku, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuzifuta.

Sasa kila faili linalofika pale lina muda wake. Mpokeaji akithibitisha kuwa amelipata kamili, linafutwa. Asipothibitisha hadi muda kuisha, linafutwa vilevile na mtumaji anaarifiwa. Idara kadhaa zilipinga, kwa kuwa zilikuwa zimezoea kurudi kuchukua mafaili ya miezi iliyopita. Tukawajengea hifadhi ya ndani, isiyofikika kutoka nje, na tukahamishia huko kila walichosema wanakihitaji. Walipoulizwa mmoja mmoja, waliyoyahitaji kweli yalikuwa machache, na mengine yote waliturudishia wakisema tuyafute.